Folda ya Januari Mosi

Kitufe alirudi kutoka shule amenuna, akautupa mkoba juu ya kochi, akaenda kusimama mbele ya picha ya baba yake ukutani. Aliikagua muda mrefu, kichwa kikiwa upande.

"Mama," alisema bila kugeuka, "baba alikuwa na meno?"

Mama yake, aliyekuwa akipiga pasi, aliisimamisha pasi wima. "Alikuwa nayo yote, tena mazuri. Kwa nini?"

"Wenzangu wanauliza huu mwanya nimeutoa wapi wakati wewe huna. Nikasema kwa baba. Wakasema niwaonyeshe." Akanyoosha kidole ukutani. "Sasa niwaonyeshe nini? Huyu mdomo ameufunga."

"Nakwambia alikuwa nao, tena kama wako vilevile."

"Unasema tu," mtoto alijibu, akaenda zake chumbani kubadili nguo.

Maneno hayo mawili yalimchoma mama kuliko pasi. Baba mdogo wa mtoto, aliyekuwa mezani na kikombe cha chai, aliinamisha macho ndani ya kikombe kana kwamba jibu lilikuwa limezama humo. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja ya usafirishaji, na shemeji yake alimwita Injinia, siku nyingine kwa heshima, siku nyingi kwa kejeli.

Tuseme ukweli, mtoto hakuwa na kosa. Picha ile ilitolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa na kukuzwa mpaka uso ukaanza kuachana vidoti-vidoti, na mtu aliyemo amekaza taya kama aliyeamriwa anyamaze. Na mtu huyo, jamani, alikuwa mpiga picha! Nusu ya mji ilipita mbele ya kamera yake. Wateja walimpa jina la Kidevu, kwa sababu hakuna aliyeketi kwenye stuli yake akanyanyuka bila kuambiwa, "Inua kidevu kidogo, hapo hapo, usipumue." Maharusi, wahitimu, watu wa paspoti, watoto wachanga wanaolia na waliochoka kulia, wote aliwapiga. Yeye hakuna aliyempiga. Ukigusa kamera yake tu, anakupokonya: "Lete hapa, utakata watu vichwa."

Hata siku ya harusi yake mwenyewe alivumilia mpaka wakati wa keki, akamwona mpiga picha waliyemkodi anapiga huku dirisha liko nyuma ya watu, uvumilivu ukamwisha, akaichukua kamera na kuimalizia kazi mwenyewe. Albamu ipo mpaka leo. Bibi harusi ananyoosha kipande cha keki kuelekea kamera, anacheka, na hakuna anayekila. Zile za kabla ya keki ndizo za dirishani: bwana harusi ni kivuli cheusi chenye tai. Kwa hiyo hata malalamiko yake yalikuwa ya haki, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi mkewe zaidi.

Kisha homa ikamchukua ghafla, Kitufe akiwa bado anatambaa. Simu yake ilikuwa imekwisha kuzama kwenye ndoo ya maji miezi michache nyuma, na picha zake zote ndani. Mkewe alijifunza kushika kamera, akaifungua tena studio, chumba kile cha mbele chenye pazia la bluu, na maisha yakaendelea. Watu walimwambia mtoto baba yake alikuwa mcheshi, alikuwa na mwanya, alikuwa akimbonyeza pua na kusema "kitufe hiki hapa," ndipo jina lilipotoka. Mtoto alisikiliza yote hayo kwa adabu. Sasa amefika umri wa kutaka ushahidi.

"Shem," alisema Injinia, "ile kompyuta ya kaka ina picha kiasi gani?"

"Mimi nitajuaje? Nikiifungua naumwa kichwa. Ameweka folda inaitwa Mpya, nyingine Mpya Kabisa, nyingine Mpya Kuliko Hiyo. Halafu kuna Usiguse, na kuna Usiguse Hata Wewe. Hiyo ya mwisho nadhani aliniandikia mimi."

"Jumamosi nakuja. Haitafika jioni kabla hazijakaa kwenye mstari."

"Utazipanga kwa mkono? Utazeeka humo ndani."

Injinia alitabasamu tabasamu la mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. Akamweleza kwamba kila picha ya kamera za siku hizi inabeba taarifa zake tumboni: imepigwa siku gani, saa ngapi, kwa kamera ipi. Hizo ndizo watu wa kompyuta wanaziita metadata. Yeye angeandika skripti, yaani ukurasa mmoja wa maagizo, na kompyuta yenyewe ingesoma taarifa za kila picha na kuipeleka kwenye folda ya mwaka wake, mwezi wake na siku yake.

"Kwa hiyo picha ina cheti cha kuzaliwa," alisema shemeji.

"Hasa."

"Na wewe ndiye msajili. Haya."

"Cheka tu. Zikishapangwa, tunakwenda moja kwa moja kwenye siku za familia. Harusi ya dada, mahafali yangu, siku Kitufe alipozaliwa. Haiwezekani siku zote hizo asitokee hata mtu mmoja wa kumpokonya kamera. Picha moja tu, shem. Moja ameachia meno. Mtoto akaionyeshe huko shuleni."

Shemeji hakucheka tena. "Moja tu inanitosha hata mimi," alisema, akarudi kwenye pasi, na shati alilokuwa analinyoosha likapigwa pasi mahali pamoja mpaka likaanza kunuka.

Jumamosi Injinia alifika asubuhi na kompyuta yake ndogo kwapani. Kitufe alikuwa kwa rafiki yake nyumba ya nyuma, na hawakumwambia chochote, wasije wakamtia matumaini ya bure. Kompyuta ya Kidevu ilikuwa karibu na mlango wa ndani wa studio, chini ya rafu ya fremu, kuukuu, ikinguruma kama inapanda mlima. Ilikuwa imejaa mpaka kooni. Injinia aliandika maagizo yake, akayajaribu kwa picha chache, zikaenda zilikoagizwa, akasugua viganja.

"Sasa tazama," alisema, akabonyeza.

Majina ya faili yakaanza kukimbia kwenye skrini, mstari juu ya mstari. Injinia aliegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa, amekaa mkao wa mtu anayesubiri kupongezwa. Shemeji aliingia na kutoka, akahudumia wateja wawili wa paspoti, akawaambia wainue kidevu. Aliporudi alimkuta Injinia hajaegemea tena. Ameinama, pua karibu iguse skrini.

"Vipi? Zimejipanga?"

"Zimejipanga zote mahali pamoja," alisema.

Zilizopangika vizuri zilikuwa za miaka ya mwanzo, kamera ilipokuwa mpya. Zilizobaki, rundo lisilo na mwisho, zote zilikuwa zimejitupa kwenye folda moja: Januari mosi, mwaka ambao Kidevu alikuwa bado shule ya msingi, hana kamera wala ndevu. Harusi ya dada, Januari mosi. Mahafali, Januari mosi. Hata Kitufe, kwa mujibu wa kompyuta, alikuwa amezaliwa kabla baba yake hajabalehe.

Injinia alijua mara moja kilichotokea, na alikasirika kama ambavyo mtu hukasirikia ndugu tu. Ndani ya kamera kuna kibetri kidogo kinachotunza saa. Kibetri hicho kilikuwa kimekufa siku nyingi. Kila Kidevu alipotoa betri kubwa usiku kuichaji na kuirudisha asubuhi, saa ya kamera ilirudi mwanzo kabisa, na kamera ikamuuliza: leo tarehe ngapi? Mtu mwingine angejibu, au angepeleka kamera kwa fundi.

"Ah, nalikumbuka swali hilo," alisema shemeji. "Lilimkera! Alikuwa akilibonyeza liondoke. Anaiambia kamera, 'Wewe piga picha, tarehe zina wenyewe.'"

"Tarehe zina wenyewe! Sasa wenyewe ndio sisi."

"Usimfokee, hakusikii," alisema shemeji kwa upole.

Zile siku za familia zilikuwa zimeyeyuka ndani ya siku moja. Kibaya zaidi, kompyuta nayo ilianza kugoma. Ukifungua folda ile, unapata miraba ya kijivu tu, inasubiri vijipicha vijitokeze kimoja kimoja, na kila baada ya muda ujumbe unajitokeza kwamba diski haina nafasi. Injinia akawaza. Lazima ipunguzwe mizigo ndipo ipumue. Na mizigo ipo: kila mpiga picha, akishaweka kamera kwenye stendi asubuhi, hupiga moja ya kujaribu mwanga kabla mteja hajaja. Kiti kitupu, pazia, ukuta. Kwa kuwa saa ya kamera ilianza upya kila asubuhi, picha hizo zote zingekuwa zimeandikwa dakika za mwanzo baada ya saa sita ya usiku wa Januari mosi ile ile. Taka zimejikusanya zenyewe pembe moja, zinangoja mfagio.

Aliongeza mistari michache kwenye skripti yake. Kila picha ya dakika hizo, futa.

"Unafuta nini?" shemeji aliuliza, akiweka kikombe cha chai pembeni ya kibodi.

"Viti vitupu. Picha za majaribio."

"Umeziangalia?"

"Shem, nikae hapa nitazame kiti kitupu asubuhi mpaka jioni? Nakijua kile kiti. Kilikuwa cha nyumbani kwetu, nilikivunja mguu nikiwa mtoto nikachapwa."

Akabonyeza. Dirisha la folda lilikuwa wazi upande wa kulia, na miraba ya kijivu ikaanza kupungua, safu baada ya safu. Shemeji alikuwa bado amesimama nyuma yake na sinia mkononi. Kompyuta, kwa uzito wake ule ule, ikaamua wakati huo huo kuanza kuonyesha vijipicha. Mraba mmoja chini kabisa ukapata rangi. Kitu cha njano. Kidogo tu, ukubwa wa stempu.

Shemeji alilijua shati lile. Alilifua yeye, alilishona kifungo yeye, na alimzika mwenye shati akalibakiza kabatini kwa sababu hakuweza kuligawa. Aliliachia sinia likapiga kikombe, akapiga goti, akaukamata waya wa umeme kwa mikono miwili na kuung'oa ukutani.

Skrini ikazimika. Chai ilikuwa imemwagika mpaka kwenye viatu vya Injinia.

"Shem! Utaua mashine!"

"Ni yeye," alisema shemeji kutoka sakafuni. "Ile siyo kiti. Ni yeye."

Kompyuta kuukuu inapozimwa kwa nguvu huamka kwa kinyongo. Waliirudishia umeme, ikanguruma, ikasimama, ikajikagua diski yake kwa mwendo wa mgonjwa. Mtu ambaye ofisini alikuwa akiwapigia kelele wenzake, "Usifute kitu hujakiangalia," alikaa amekishika kichwa, akisikiliza shemeji yake anavyopumua. Hakuna aliyeipangusa chai.

Hatimaye dirisha likafunguka. Injinia akasogeza mshale, akafungua ile ya chini kabisa.

Kidevu alikuwa anawajia. Hakuwa ameketi. Alikuwa hewani kidogo, mguu mmoja umeshafika kwenye stuli na mwingine bado uko njiani, shati la njano nusu limechomekwa, nusu limetoka, mkono umekamata hewa, na mdomo wazi kabisa, anacheka. Mwanya ulionekana wazi.

Wakafungua ya pili. Amekwisha kaa, lakini stuli inayumba. Ya tatu, amewahi, ameinua kidevu kwa madaha kama mteja wake mwenyewe, na macho yanamcheka. Nyingine amekosa kabisa, unaona kiwiko na sikio. Nyingine ameshika mswaki. Asubuhi baada ya asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Kidevu alikuwa akitega taima ya kamera, ile inayopiga picha yenyewe baada ya sekunde chache, na kukimbilia kwenye stuli ili apime mwanga kwa uso wake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine studioni. Hakumwambia mtu. Labda alisahau kuzifuta, labda hakuona zinamsumbua nani.

"Panya," alisema shemeji, na machozi yakimtiririka. "Jamani, panya!"

"Panya gani?"

"Kila asubuhi nilikuwa nasikia kutoka ndani anakimbia huku mbele, pu pu pu, halafu kimya. Nikamuuliza, akasema anafukuza panya. Hata fundi cherehani mlango wa pili alikuwa akigonga ukuta, 'Umempata leo?' Nikanunua mpaka mtego. Nimeishi na mtego wa panya miaka yote hiyo na panya ni yeye!"

Alicheka na kulia kwa pamoja, akijipangusa kwa upindo wa kanga. Injinia alitamani kucheka naye akashindwa. Alikuwa ameangalia juu ya folda, mahali ambapo safu za mwanzo zilikuwa zimekwenda. Skripti haipeleki kitu kwenye kapu la taka ukaweza kukirudisha. Ikifuta imefuta. Kulikuwa na njia za kujaribu kuchimbua diski, na angezijaribu zote, lakini alijua vizuri zinavyofaulu kwa nadra.

"Nimezifuta nyingi, shem," alisema. "Nilikuwa namfuta kaka. Kwa mikono yangu." Na mtu huyu ambaye hata makaburini alikuwa mkavu, akihangaika na viti na maji ya kunawa ya wageni, alifunika uso na kulia kwa sauti.

Shemeji alimwacha alie kidogo. Kisha akampiga begani kwa lile sinia, taratibu.

"Nisikilize. Miaka yote kompyuta hii imekaa hapa chini ya rafu, na mimi nimepita mbele yake kila siku nikimtafuta mume wangu kwenye albamu za watu. Alikuwa ametawanyika humo, moja kwenye Mpya, moja kwenye Usiguse, katikati ya nyuso za watu elfu. Nani angemwona? Wewe ndiye uliyemkusanya. Hizo zilizokwenda zimekwenda, nami nitazililia kwa wakati wangu. Lakini usije ukasema tena ulimfuta."

Injinia aliitikia kwa kichwa. Jambo la kwanza alilofanya alipopata nguvu ni kunakili picha zote zilizobaki kwenye kompyuta yake ndogo, kisha kwenye simu yake, kisha kwenye simu ya shemeji. Maagizo ya kufuta aliyaondoa mstari kwa mstari, akahakikisha, akahakikisha tena.

Kitufe alirudi magoti yakiwa na vumbi. Alipoona macho ya wakubwa yamevimba alisita mlangoni.

"Njoo," alisema mama yake. "Kuna mtu anataka kukuonyesha meno."

Walimpakata mbele ya skrini. Alizitazama picha bila haraka, akitaka kila moja ikae mpaka aseme "haya," ndipo iletwe nyingine. Kwenye ile ya shati la njano aliomba ikuzwe. Akasogea, akaweka kidole juu ya mwanya wa baba yake, kisha akapeleka kidole hicho hicho kwenye mwanya wake, kupima.

"Ni huu huu," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Anakimbilia wapi?"

"Kwenye stuli. Ametega kamera, anataka kuiwahi."

"Mbona hafiki?"

Wakubwa wawili wakatazamana. "Anafika," alisema mama yake. "Siku nyingi anafika. Hata akichelewa, tumemwona anakuja."

Kitufe alilifikiria jibu hilo, akalikubali. Kisha akashuka mapajani, akasema anataka na yeye apigwe kwenye stuli ile ile, kwa mtindo ule ule, na wote wawili wawemo.

Kamera ya Kidevu ilikuwa kabatini, nzito, rangi imechubuka kwenye vishikio. Injinia aliipangusa, akaiweka betri iliyochajiwa, akaifunga kwenye stendi. Skrini yake ndogo ikawaka, na swali likajitokeza, lile lile: leo tarehe ngapi? Kidole gumba cha Injinia kilikuwa kimeshafika kwenye vitufe vya namba. Mtu huyu hajawahi maishani mwake kuacha saa ya kifaa chochote imekosea, hata ya jiko la jirani.

Kidole kikaziacha namba. Halafu akalibonyeza swali liondoke.

"Injinia," alisema shemeji, aliyekuwa akimwangalia, "hujaweka tarehe."

"Najua. Nikiweka, skripti itaipeleka kwingine. Nataka iende aliko kaka."

Shemeji alijifunga kanga vizuri, akamshika mtoto mkono.

Injinia akatega taima. Kamera ikaanza kulia pi, pi, pi, na wote watatu wakatoka mbio kutoka kwenye stendi, Kitufe mbele akipiga mayowe, mama yake nyuma, Injinia wa mwisho akijigonga kwenye taa. Sakafu ya mbao ikavuma. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikasimama, na mkono ukagonga mara tatu.

"Nyie!" fundi alipaza sauti. "Wale panya wamerudi?"

Ndivyo kamera ilivyowakuta, hakuna hata mmoja aliyekwisha kukaa, midomo wazi wote watatu.